Hotuba ya Kuzindua Maabara Iliyoletwa na Meli

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa; waheshimiwa wajumbe wa mtaa; mheshimiwa Mkuu wa Shule, pamoja na kaimu wake ambaye nasikia ndiye anayefanya kazi; wazee wetu wa Msikiti wa Ijumaa; mheshimiwa Mkuu wa Bandari ya Hell-Ville, aliyewakilishwa na kofia yake kwenye kiti cha mbele; Nahodha Attoumane, mwenye meli iliyotuletea neema; kina mama wa kamati ya chakula; wanafunzi wa darasa la mwisho, ambao nawaona mmekaa juani kwa hiari yenu; na mimi mwenyewe, Abdérémane, Naibu Mratibu Mkuu wa Muda wa Kudumu wa Vifaa vya Kisayansi, Kanda ya Kaskazini Magharibi, maana mtu akingoja kutajwa na wenzake atazeeka hajatajwa: asalaam aleikum. (Makofi. Mbuzi mmoja nyuma ya ukuta anaitikia kabla ya watu.)

Nimesafiri kutoka makao yetu makuu ya Mahajanga, nikashuka garini Ankify, nikavuka kwa boti mpaka kisiwani kwenu na suti hii hii, nikarushiwa maji ya chumvi lakini sikurudi nyuma. Na nimeamua kuwahutubia kwa Kiswahili, lugha niliyoisomea Zanzibar kwa miaka miwili na kufaulu. Najua sokoni mnasema Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na baadhi yenu jikoni Kikomoro, na kwamba Kiswahili cha mababu kimebaki kwenye dua, kwenye biashara na kwenye mambo ya bahari. Hilo lisiwatie hofu. Atanifasiria mwalimu wenu wa fizikia, mnayemwita kwa heshima Fundi Ibouroi, neno kwa neno, bila kupunguza chochote. (Fundi Ibouroi anafasiri: “Amefika.” Makofi mengi.)

Ndugu wananchi, leo hii, katika mwaka huu wa 1986, nyuma ya mlango huu mnaouona, wenye utepe mwekundu na kufuli mpya, ipo Maabara ya Kisasa ya Fizikia ya Sekondari ya Juu, iliyotokana na upembuzi yakinifu, ikapitia mchakato shirikishi, ikaingizwa kwenye mpango mkakati, ikatolewa humo na kuingizwa kwenye mpango mkakati mwingine uliokuwa na jalada gumu zaidi, hata Jumatatu iliyopita ile, kama mlivyoshuhudia kwa macho yenu na kwa masikio yenu, tani kumi na mbili za vifaa zikawasili hapa bandarini ndani ya meli ya Nahodha Attoumane, huku ngoma zikipigwa tangu meli ilipoonekana mpaka ilipofungwa kamba. (Makofi. Nahodha Attoumane anatazama viatu vyake.)

Takwimu nazo zisisahaulike. Kabla ya mradi huu, asilimia mia ya wanafunzi wa shule hii hawakuwa na maabara. Leo asilimia hiyo hiyo wamekaa mbele ya mlango wake. Mkitaka kujua nani amewasogeza, msimtafute mbali. (Mheshimiwa anajipigapiga kifuani. Fundi Ibouroi anafasiri: “Ni yeye.”)

Sasa nije kwenye matunda, maana mti hujulikana kwa matunda yake. Kanuni za mtihani wa mwisho zinasema kwamba mwanafunzi wa sayansi lazima afanye jaribio moja la fizikia katika maabara, aandike ripoti, na ripoti hiyo itiwe sahihi na mimi. Bila sahihi yangu hakuna mtihani, na bila mtihani hakuna chuo cha Mahajanga. Kanuni hizo hizo, katika kifungu nilichokipigania mwenyewe, zinaruhusu jaribio kurekebishwa kwa mazingira ya mahali. Na binti mmoja amelirekebisha. Simama, Zalia, watu wakuone. (Zalia anasimama mezani, mbele yake beseni la maji na kopo la maziwa. Mama yake, Hachimia, anayeuza vitumbua mbele ya shule, anaweka chini kikapu chake ili apige makofi vizuri.)

Kitabu kilimtaka Zalia awe na chupa ya kioo yenye vipimo, mizani ya springi na vipande vya shaba vya kupimia uzito. Yeye hakuvitumia, kwa kuwa maabara ilikuwa bado imefungwa ili isichafuliwe na wanafunzi. Akachukua kopo, beseni, na mawe ya mizani ya dukani. Jambo hilo kwa lugha ya kitaalamu huitwa urekebishaji mtambuka wa zana za jaribio. (Hachimia, kwa sauti: “Sisi tunaita kutumia kilichopo.” Kicheko.) Asante, Mama Zalia, mchango wako umepokelewa na utafanyiwa kazi.

Mimi ni mtu wa vitendo. Kabla hata sijaisoma ripoti hii, naitia sahihi mbele yenu, ukurasa wa kwanza, kwa wino wa kijani unaotumiwa na waratibu peke yao, kwani kiongozi anayesoma kabla ya kutia sahihi anaonyesha kwamba hawaamini vijana. (Anatia sahihi. Vigelegele. Hachimia anafuta macho kwa ncha ya kanga. Zalia hatabasamu, anamtazama mwalimu wake, na mwalimu analitazama beseni.)

Sasa nasoma. “Lengo: kuchunguza kama tunaweza kujua uzito wa mzigo kwa kutazama tu jinsi chombo kinavyozama majini.” Mmesikia? Bila kufungua mzigo. Bila kumuuliza mtu. Zalia, waonyeshe wazee. (Zalia anaonyesha kopo tupu linaloelea; maji yanagusa mstari wa chini alioukwaruza kwa msumari. Anamwomba Mheshimiwa atie jiwe. Mheshimiwa anatia. Kopo linazama mpaka mstari wa pili. Anatoa jiwe; kopo linapanda palepale lilipokuwa.) Angalieni mkono wangu unavyofanya kazi na sayansi. Mzigo ukiingia, chombo kinashuka. Mzigo ukitoka, kinapanda. Hata mtoto anaelewa. (Fundi Ibouroi hafasiri. Hakuna anayemhitaji.)

Nasonga mbele. “Marekebisho: kopo ni dogo, kwa hiyo nilirudia jaribio kwa chombo kikubwa. Nahodha Attoumane aliniruhusu kutumia meli yake, ambayo ina mistari myeupe ubavuni. Ilipopakuliwa saruji na mchele, mizigo ambayo uzito wake unajulikana, niliona kwamba tani kumi na mbili huizamisha meli karibu shubiri moja. Ikiwa tupu, maji hugusa mstari wa chini.” Hebu fikirini, wananchi. Meli nzima imekuwa kopo. Wapo mahali pengine wanafunzi wenye maabara za kioo na sakafu ya kung'aa, na hakuna aliyewahi kupewa meli. Nani amewapa vijana wetu fikra pana namna hii? (Sauti kutoka kwenye viti vya wazazi: “Fundi Ibouroi.”) Na walio juu yake.

“Matokeo: Jumatatu ya ngoma, meli ilipofika na vifaa vya maabara, nilipima kabla mtu yeyote hajashuka. Nilipima mara kumi kwa sababu ya mawimbi, nikatafuta wastani. Maji yaligusa mstari wa chini.” (Mtu mmoja anaguna, mwingine anacheka, na kicheko kinazunguka ua mzima.) Nafurahi mnavyolipokea. Mstari wa chini, mabibi na mabwana. Si wa kati, si wa juu. Hiyo ndiyo nidhamu ya kazi. (Kicheko kinazidi. Mheshimiwa anainamisha kichwa kushukuru.)

“Vyanzo vya makosa: maji ya Mahajanga yamechanganyika na maji matamu ya mto, kwa hiyo meli huzama zaidi kidogo kule kuliko huku kwenye chumvi nyingi. Lakini tofauti hiyo ni upana wa kidole, na tani kumi na mbili ni shubiri. Kidole hakiwezi kuficha shubiri.” Methali nzuri, nitaitumia kikaoni. “Hitimisho: kwa hiyo, Jumatatu ile, meli ilikuwa...”

(Neno la mwisho Mheshimiwa analisoma kwa macho tu. Anageuza ukurasa, nyuma hapana kitu. Anatia jiwe kwenye kopo, analitoa, analitia tena. Kopo linafanya vilevile.)

Ndugu wananchi, sayansi ina mambo mengi. Inawezekana vifaa vya kisasa ni vyepesi. (Zalia: “Mheshimiwa, barua yako kwa shule ilisema tani kumi na mbili.”) Ilisema. Niliiandika mwenyewe, na nilipenda jinsi namba ile ilivyotamkika. Nahodha Attoumane, wewe ni mtu mzima, umehiji, simama uwaambie watu ulibeba nini. (Nahodha anasimama, kofia mkononi: “Nilibeba ngoma, wapiga ngoma, na utepe huo. Kule Mahajanga niliambiwa masanduku yanakuja. Nikangoja. Ngoma zikaanza, kila mtu akapunga mkono, nikadhani ndiyo ishara. Nikang'oa nanga.”)

Basi ngojeni. Palikuwa na kamati ya usafiri, iliyokutana nyumbani kwangu mtaa wa Ampisikina. Palikuwa na kamati ya mapokezi, kamati ya utepe, kamati ya ngoma, na kamati ya chakula cha kamati. Kamati ya kununua vifaa... (Mheshimiwa anahesabu vidole, anarudia kuhesabu.) Kila kamati ilinipongeza kwa kazi ya kamati ile nyingine, na mimi nikazipongeza zote. Hiyo ya kununua vifaa sikumbuki kuiunda. (Sauti: “Na nyuma ya mlango je?” Mbuzi analia kutoka ndani. Fundi Ibouroi anamfasiria Mheshimiwa, kwa mara ya kwanza: “Wanauliza mbuzi ni wa nani.”)

Zalia, mwanangu, njoo karibu. Uliandika hitimisho ukijua kwamba nitalisoma mbele ya watu, nami ndiye mwenye kukutilia sahihi. Kwa nini hukuliacha? (Zalia anajibu taratibu: “Niliogopa, Mheshimiwa. Lakini ripoti isiyo na hitimisho hupewa sifuri.”)

(Hachimia anasimama. “Mheshimiwa, mimi si mtu wa shule. Nauliza moja tu. Ile sahihi, unaifuta?” Ua mzima unamgeukia Mheshimiwa. Mbuzi anaacha kulia.)

Mama Zalia, swali lako ni zito, na ngoja nilipime kisayansi. Nikiifuta sahihi, nitakuwa nimesema kwamba jaribio hili halikufanyika katika maabara, na watu watauliza kwa nini, na jibu litakuwa kwamba hakuna maabara. Nikiiacha, nitakuwa nimethibitisha kwa wino wa kijani kwamba ripoti ni ya kweli, na ripoti inasema hakuna maabara. Njia ni mbili na zote zinafika mahali pamoja. Ila katika moja kuna binti analia, na katika nyingine kuna makofi. Mimi ni kiongozi, na sijawahi kuyapa makofi kisogo. (Kicheko kidogo, cha kusubiri.) Tena nina aibu, nasema wazi, wala siitafutii jina la kitaalamu. Sahihi inabaki. Wenzake wakiandika kwa kopo na beseni, ripoti zao nazo nitazitia sahihi. (Makofi ya kweli, marefu. Hachimia anambusu bintiye kichwani, kisha anamletea Mheshimiwa kitumbua.)

Kwa hayo machache, naomba tuitikiane. Mzigo ukiingia? (Watu: “Chombo kinashuka.”) Mzigo ukitoka? (“Chombo kinapanda.”) Na mzigo usipokuwapo? (Watu wanacheka, hawaitikii. Zalia anaitikia peke yake: “Maji yanasema.”)

Namshukuru Mwenyekiti wa Mtaa kwa viti. Namshukuru Nahodha Attoumane kwa kufikisha salama, bila kuvunja hata kimoja, vifaa ambavyo havikuwahi kununuliwa. Namshukuru mwenye mbuzi kwa kututunzia jengo. Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua maabara ambayo, kwa mujibu wa jaribio lililofanyika humo, haikuwahi kuwapo. Utepe huu sitaukata. Ndicho kifaa pekee cha mradi kilichofika. Fundi Ibouroi, uufungue polepole, uutie alama za shubiri, umpe Zalia aende nao chuoni Mahajanga. Tutakapowaletea meli nyingine, atakuwa na kitu cha kutupimia kule kabla haijang'oa nanga.