Nyuki wa Benchi na Mlango wa Lobi

Jumapili, 9 Machi 2014
Nafasi ya mlango wa lobi ya hoteli yetu iko wazi! Kiyoyozi, marumaru, kazi ni kusalimia wageni tu. Mimi niko geti la nje, na joto la Doha linanyemelea. Mwaka jana soli za viatu vyangu ziliyeyuka. Meneja wetu ana wazimu wa nyuki wa porini, wale wanaoishi mmoja mmoja bila malkia wala asali. Ametangaza: mlinzi atakayempiga picha mmoja bustanini na kumtambua, lobi ni yake. Mashindano gani haya? Mimi Laban, mwana wa Kitui, nimetundika mizinga tangu utotoni. Mpinzani ni Suleimani wa Tanga, mtu anayekimbia hata mende. Nimeshamwambia asijisumbue.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempata! Mistari safi, yuko peke yake kwenye ua la mwarobaini. Nikatuma picha kwa mbwembwe. Meneja akajibu kwamba ni nzi. Nzi! Eti nyuki ana mabawa manne, nzi mawili. Nani kwetu huhesabu mabawa ya kitu kinachomuuma? Suleimani akaniuliza, kwa upole kabisa, kama Kitui tunarina asali ya nzi. Iliniuma, lakini sikuonyesha.

Jumatano, 12 Machi
Nyuki mweusi, mnene, ameingia kwenye tundu la benchi la mbao, pale ukutani. Huyu si nzi, nimesikia mvumo wake. Bahati mbaya Suleimani naye amemwona. Mapumziko yote amechuchumaa mbele ya benchi, simu mkononi, anasubiri atoke. Anasubiri! Ghai, nimecheka. Kwetu nyuki hasubiriwi, anafukizwa. Nimeomba maboksi jikoni, yameloa vizuri, yatatoa moshi mzito.

Alhamisi, 13 Machi
Nimefukiza. Nyuki hakutoka. Hoteli ndiyo iliyotoka. Moshi uliingia kwenye tundu la hewa ukutani, kengele za moto zikalia ghorofa zote. Wageni na taulo, bibi harusi na hina mkono mmoja, meneja na sabuni ya kunyolea shavuni. Moshi ulipokwisha, nyuki akatoka kwa wakati wake, akatua kwenye shati la Suleimani. Mwoga wa mende hakukimbia, akapiga picha. Mabawa manne. Akasema ni nyuki yule anayetoboa mbao. Meneja akampa mkono. Mimi hakuniangalia.

Ijumaa, 14 Machi
Kanisani Mesaimeer, maana huku ibada ni Ijumaa, Damaris wa kwaya aliniuliza kama ni mimi niliyetoa hoteli nzima nje. Nikamwambia wageni walihitaji hewa. Suleimani yuko lobi. Mimi nimehamishiwa ghala la magodoro, mtaa wa Abu Hamour, hata kivuli hakuna. Jioni Suleimani alikuja na maji baridi, akaniambia, kaka Laban, ungesubiri tu. Nikanywa maji yake kwa hasira.

Lakini ukuta wa ghala una matundu, na leo kitu chenye mabawa kimeingia! Nikimpelekea meneja nyuki ambaye hata Suleimani hamjui, lobi naipata. Nimekaa, nimetafakari, na kosa langu nimeliona: yale maboksi yalikuwa yameloa. Kesho natumia makavu. Na uzuri wa ghala hili, halina kengele.