Sababu Kwanza, Kitambulisho Baadaye

Jumatatu, 7 Oktoba

Namshukuru Mungu aliyewapa watu akili ya kutengeneza redio. Leo asubuhi niko kwenye cherehani, napiga pindo mapazia ya mke wa daktari, mwanasheria mmoja akaanza kuzungumza. Sauti ya upole, ya mtu aliyeshiba. Akasema askari akikuomba kitambulisho barabarani, usikurupuke kukitoa. Muulize kwanza, kwa adabu, mambo matatu: jina lake, kituo chake, na sababu ya kukuomba. Ndiyo kwanza anaingia kwenye jambo la nne, mume wangu akaizima redio ili aifungue mgongo. Amestaafu, na sasa kazi yake ni kutengeneza vitu vizima. Haidhuru. Matatu yananitosha.

Tena yamekuja wakati wake. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, anaoka mikate kwenye kiwanda kilicho ng'ambo ya njia panda. Kila alfajiri askari wawili wa pale wanamsimamisha. Wengine wanapita, yeye anaitwa. Wanakishika kitambulisho chake, wanakigeuza mbele na nyuma, wanamuuliza kazaliwa wapi, na pameandikwa hapo hapo. Akifika kazini anakuta tanuri limeshawashwa na mwingine. Msimamizi wake amemwambia mambo yakiendelea hivi, Ijumaa tanuri atakabidhiwa mtu mwingine moja kwa moja. Na binti yangu ana mimba kubwa, hata viatu anavalishwa. Kijana mpole yule, hastahili.

Tatizo ni Bi Mkubwa. Huyu ndiye mama mzazi wa mkwe wangu. Alikuja kututembelea baada ya harusi, na harusi ilikuwa mwaka juzi. Siku ile ile aliyofika alitangaza kwamba kwa umri yeye kanizidi, ndipo jina likamkaa. Tangu hapo mimi ndiye wa kumwamkia shikamoo kila asubuhi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, naye anaitikia marahaba kwa kuivuta, kama anayepokea kodi. Kiti cha dirishani chake. Kikombe cha kwanza cha chai chake. Mimi ananiita mwanangu. Nimemwachia Mungu.

Nilipoeleza habari za mwanasheria alicheka mpaka akajishika mbavu. Akasema askari haulizwi jina, kwani ni mchumba? Ukiombwa kitambulisho unatoa, unaonyesha, unakwenda zako. Tena akasema mwanawe akivae shingoni kwa kamba, kionekane toka mbali. Nikamwambia anayevishwa kengele ni mbuzi. Akanijibu, "Mwanangu, ya redioni waachie wa redioni."

Jioni nimemfundisha mkwe. Nilivaa kofia ya mume wangu, nikawa askari. Shida ikawa heshima. Hawezi kumkazia macho mama mkwe wake, kwa hiyo maswali yote matatu aliliuliza jokofu. Lakini kwa adabu kubwa. Nimeridhika.

Jumanne, 8 Oktoba

Ushindi, ila wenye kasoro ndogo.

Mkwe kauliza kama nilivyomfundisha. Askari mrefu, mwenye masharubu, akabaki mdomo wazi. Akasema tangu aanze kazi hakuna raia aliyewahi kumuuliza jina. Akalitaja. Akataja kituo chake, na vituo vyote alivyopitia kabla ya hicho. Kufika kwenye sababu akaketi ukingoni mwa barabara, akaanzia alipokuwa anataka kuwa seremala na baba yake akamkatalia. Mkwe angefanya nini? Mtu mzima anakueleza yake ya moyoni, utamkatishaje? Amefika kiwandani mikate ya kwanza inatoka. Msimamizi kamwambia amebakiza mara moja.

Bi Mkubwa akauliza kama kitambulisho hakikuonyeshwa. Nimekiri kilionyeshwa, mwishoni. Lakini kilionyeshwa baada ya sababu. Tofauti hiyo yeye haioni.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Mimi nikiulizwa siruhusu hadithi. Nikachukua kapu la vitambaa, nikapita njia panda taratibu, nikimtazama Mrefu usoni ili anione. Akaniona. Akaja mbio. Nikaweka swali la kwanza kwenye ncha ya ulimi. Akasema shikamoo mama, akanipokea kapu, akanivusha barabara. Nikamwambia, si unataka kitambulisho? Akasema, cha nini, mama?

Nikarudi. Akanivusha tena.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo zamu ya Bi Mkubwa, na ameumbuka. Namwomba Mungu anisamehe kwa furaha niliyo nayo.

Kamba ya kumfunga mwanawe shingoni kaikata kwenye utepe wangu wa mapazia, bila kuniomba. Mkwe akatoka nayo, kitambulisho kinamning'inia kifuani kama bei ya kitu dukani. Yule askari wa pili, mfupi mwenye miwani, akakiona toka ng'ambo ya barabara. Akapiga filimbi. Akasema mtu anayetangaza kitambulisho chake kabla hajaombwa, huyo ana wasiwasi, na mwenye wasiwasi ana jambo. Wakakifungua kamba, wakakiinua kwenye mwanga, wakakikwaruza kwa kucha. Mkwe alipoachiwa akakimbia njia nzima, akapenya kwa mlango wa kuingizia magunia ya unga. Msimamizi alimkuta kasimama mbele ya tanuri, anahema, mweupe kwa unga kama amekufa na kufufuka. Amenusurika kidogo tu.

Bi Mkubwa alipopata habari nilimtazama. Nikawa nashona, naimba kaswida polepole.

Mchana nimerudi njia panda kwa mbinu mpya. Koti la mume wangu, miwani ya jua, mtandio mpaka puani. Nikatembea upesi huku natazama nyuma, kama mwenye kesi. Mfupi akanisimamisha. Nikasema moyoni, haya, leo ndiyo leo. Akasema, "Shikamoo mama. Macho bado yanasumbua?" Akanipa kiti chake kivulini nipumzike. Nimekaa pale mpaka adhana ya adhuhuri. Mbele ya macho yangu wakaombwa vitambulisho watu ambao hata sura ya kushukiwa hawana. Imeniuma. Kwani mimi nina kasoro gani?

Alhamisi, 10 Oktoba

Ushindi usio na kasoro hata moja.

Alfajiri baada ya kuswali nimemsindikiza mkwe. Yeye nyuma hatua chache, kwa heshima, kanibebea chupa ya chai. Tumefika njia panda. Mrefu kaamkia. Mfupi kaamkia. Hakuna aliyenyoosha hata kidole. Mkwe amefika kiwandani wa kwanza kabisa, msimamizi akadhani saa ya ukutani imeharibika.

Nimewaeleza wote nyumbani: habari zimeenea. Askari wamejua katika nyumba hii kuna mtu anayeijua sheria, wameogopa. Mume wangu, kichwa ndani ya redio, akasema pengine ni kwa kuwa kijana anayetembea na mama mkwe wake hatiliwi shaka na mtu yeyote duniani. Hakuna aliyemuuliza.

Ila Bi Mkubwa akayadaka maneno. Akasema kama dawa ni mama, basi yupo aliyemzaa. Kesho atakwenda yeye. "Wewe mwanangu pumzika, ushonaji unachosha." Nikamwambia nashona kwa mikono, natembea kwa miguu. Akasema mwana ni wake. Nikasema binti ni wangu, na tumbo lile ni letu sote. Tukaendelea hivyo mpaka binti yangu akaja ameshika kiuno, machozi yanamlengalenga, akasema kesho ndiyo Ijumaa ya msimamizi, na yeye hajali nani atakwenda na nani, anachotaka baba wa mwanawe asikose kazi.

Tukakubaliana. Tutakwenda wote wawili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika upesi kwa furaha, mwandiko nisamehewe.

Tumetoka Bi Mkubwa kulia, mimi kushoto, mkwe katikati kama mshitakiwa. Hata mlango haujafungwa vizuri tumeshaanza. Bi Mkubwa anamwambia kitoe ukishike mkononi kabisa. Mimi namwambia kirudishe mfukoni, hujaombwa. Akitoa mimi nasema rudisha, akirudisha yeye anasema toa. Maskini kijana wa watu, mkono ukawa unaingia na kutoka kama sindano ya cherehani. Kufika njia panda sauti zetu zimeshapanda. Muuza magazeti kaacha magazeti yake. Dobi katoka na pasi mkononi.

Mrefu akaja, uso umemwinama. Akasema haipendi kazi hii ya leo, lakini imembidi: wote watatu, vitambulisho.

Hatimaye. Nikavuta pumzi. Nikamuuliza jina. Akasema, mama, unalijua. Kituo? Unakijua. Sababu? Akasema sababu mnagombana katikati ya barabara na watu wanajaa. Ilikuwa sababu nzuri, siwezi kumkatalia. Nikawa najaribu kukisia lile jambo la nne la mwanasheria.

Bi Mkubwa akaniwahi. Akasema, "Tazama, mwanangu, jinsi watu wazima wanavyofanya." Akakitoa cha kwake kwenye kikoba, akamkabidhi Mfupi kwa mikono miwili. Mfupi akarekebisha miwani. Ana mazoea ya kusoma kwa sauti. Akasoma jina. Akasoma jinsia. Akasoma mwaka wa kuzaliwa.

Nikamwomba arudie.

Akarudia.

Jamani. Bi Mkubwa kazaliwa mwaka mmoja baada yangu! Baada! Tangu mwaka juzi, kila asubuhi aliyoijalia Mungu, mimi namwamkia mdogo wangu. Kiti cha dirishani. Kikombe cha kwanza. Mwanangu!

Bi Mkubwa akasema karani aliyeandika alikuwa na haraka. Akasema tena siku ile kulikuwa na mvua. Mrefu alikuwa ananisukuma taratibu pembeni, ananiambia, "Mama wewe nenda tu, chako sikihitaji." Hakihitaji! Mimi tayari nimeshaingiza mkono ndani ya gauni, kwenye kifuko nilichokishonea kitambulisho. Nyuzi nilipiga mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe. Nilizikata kwa meno. Nikamtia kitambulisho mkononi. Akanirudishia. Nikamtia tena.

Nikamwambia, "Soma, mwanangu. Kwa sauti. Na mwezi usiuruke."

Akasoma. Mfupi akaviweka sambamba, akapiga hesabu kwa vidole, akatangaza. Muuza magazeti akasema basi mkubwa ni huyu wa kushoto. Dobi akasema yeye alijua siku nyingi, kwa kuangalia visigino. Mrefu alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Tulipotulia, tukamtafuta mkwe. Hayupo. Hakuna aliyemwona akiondoka. Alipenya katikati ya watu, kitambulisho mfukoni, hakuna aliyekiomba tena. Msimamizi alipofika kakuta tanuri limekolea na unga umeumuka. Amempa mkono. Tanuri ni lake. Binti yangu alipoletewa habari alilia, halafu akala vizuri mara ya kwanza wiki hii.

Bi Mkubwa alitembea nyuma yangu njia nzima. Mlangoni akasimama. Akautazama ukuta, akasema, "Shikamoo."

Nikavua viatu kwanza.

Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Nimekalia kiti cha dirishani. Jua linanipiga machoni na kuna msumari unanichoma ubavuni. Siondoki.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimesujudu sijida ya shukrani. Mkwe amepita njia panda peke yake. Mrefu alipomwona akampungia mkono apite upesi, huku anachungulia nyuma yake asije akatokea mama yeyote. Sheria imefanya kazi.

Mke wa daktari kaja kuchukua mapazia, nimemweleza yote. Nimemwambia kitambulisho cha mtu ni kama nguo ya ndani, hakionyeshwi ovyo ovyo, na anayekitaka aseme sababu. Amenisikiliza vizuri, amekubali kabisa. Kisha nikamwomba nikione cha kwake.

Ni kwamba tangu jana sipati raha. Mimi naamkia wanawake wengi. Mke wa daktari, mke wa dobi, mpishi wa shule, yule mama wa mlango wa tatu. Wote nimewaamini kwa maneno tu. Nani ajuaye nimewapa watu shikamoo ngapi zisizo haki yao?

Bi Mkubwa, jina nimemwachia, mimi si mchoyo, alipojua ninakwenda kuvikagua vitambulisho vyao akavaa viatu. Amesema amepoteza marahaba moja, huenda akaokota nyingine huko nje. Ana macho makali kwa maandishi madogo. Tumepata watatu mpaka sasa. Mke wa daktari ni mkubwa kwetu sote, tumemwamkia upya, hakuonekana kufurahi. Mke wa dobi ni mdogo, ametuamkia kwa shida. Mpishi wa shule alitoa bila kuuliza lolote, mwanamke mwenye adabu.

Yule mama wa mlango wa tatu, muuza maziwa, amekataa. Ametufungia mlango, akasema kupitia dirishani kwamba kitambulisho chake si cha kutazamwa na mshona mapazia. Hata nilipomweleza kwa upole.

Mimi na Bi Mkubwa tukatazamana. Mtu asiye na la kuficha angetoa mara moja. Angetoa, angeonyesha, angekwenda zake. Kesho baada ya alfajiri tutasimama kwenye kona yake, yeye upande huu, mimi upande ule. Nimeazima filimbi ya mume wangu. Maziwa lazima yatoke, na njia ni ile moja.