Propela ya Kuwainua Wakubwa Waliokaa Nyuma

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Boti na Mashine,

Pokea salamu zangu za heshima. Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nataka unahodha uwe kazi yangu ya maisha. Nimemaliza shule, na nyumbani wanadhani nasubiri chuo cha ushonaji kifunguliwe. Kwa aibu yangu nimewaacha wadhani hivyo. Mjomba, mwenye boti ya kuvusha abiria, anaona namsaidia tu kwa sasa. Ila alisema, "Pua ya boti ikishuka ukaweza kuona mbele, zamu ya asubuhi ni yako."

Pua haishuki. Boti yetu imeelemewa nyuma, nami ni mfupi. Nikishika usukani naona mawingu tu. Gazeti lako lilishauri boti ya namna hii ifungwe propela ya mapanga manne, kwa kuwa huinua nyuma kuliko ile ya matatu. Kwa unyenyekevu, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Ushauri wako haukuitaja kamati ya kivuko. Wanakamati wote hukaa benchi la nyuma, ndilo la heshima, na wote, Mungu awazidishie, wana afya njema. Mjomba alipowaomba kwa upole wasogee, mwenyekiti akamuuliza, "Tukae mbele kama magunia?" Mjomba akaomba radhi, akaenda kununua propela.

2. Propela ilifanya kazi, na hapo ndipo ulipotukosea. Nyuma iliinuka kidogo. Wazee wakasema benchi sasa limetulia, wakamwita mweka hazina wa zamani, naye akamwita shemeji yake. Pua ikarudi juu. Juzi tulilipita gati bila kuliona, abiria wa mbele wakituelekeza kwa mikono kama watu wanaoegesha lori.

3. Sasa mjomba anatafuta ya mapanga matano. Nionavyo mimi, kila panga linaloongezwa linaita wakubwa wapya. Tukiendelea hivi abiria wa kawaida watavuka kwa kuogelea, na boti itasimama wima, wakubwa wakiwa chini kabisa, kwa heshima zao zote.

Kwa hiyo naomba ututafutie propela inayowahamisha wakubwa bila kuwaambia. Kama haijatengenezwa, basi andika kwamba wataalamu wamegundua benchi la mbele ndilo la heshima. Wakilisoma gazetini watakubali. Nikilisema mimi, nitaambiwa sina adabu.

Wasalimie wapiga chapa, wasahihishaji, na yeyote hapo ofisini anayekaa mbele kwa hiari yake.

Ni mimi msomaji wako mtiifu,
Mpwa wa mwenye boti

N.B. Leo asubuhi, kabla sijaituma barua hii, niliitundika redio mbele, taarifa ya habari ilipokaribia. Wazee waliifuata mmoja mmoja, bila kuombwa. Pua ikashuka, nikaliona gati zima. Mjomba anaisifu propela kwa kila anayepanda, na mwenyekiti anasema kamati iliona mbali. Zamu ya asubuhi nimepewa. Basi usiichape barua hii, tafadhali. Habari ya redio ibaki kwako, na ile ya ushonaji pia. Mama nitamwambia mwenyewe, nikishavusha salama mara chache zaidi.