Daktari wa Sahani

Hakuna habari iliyowahi kufika kwa Njambi ikiwa nzima. Ikishuka kwa gari moshi hapo Ruiru stesheni ina miguu miwili, ikivuka barabara ina minne, na ikishakalia mabenchi ya kibanda cha chai cha Njambi nyuma ya duka la Mhindi, inaota pembe na mkia. Lakini ile ya Alhamisi moja, mwaka wa hamsini na tisa, ilikuja na picha. Picha huwezi kuitilia chumvi. Ndiyo maana ilimuuma Bedan kuliko zote.

Bedan alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa, katika shamba la Mzungu ng'ambo ya mto. Siku mwanawe Gathogo alipopanda ndege kwenda kusoma Amerika, Bedan alisimama mbele ya watu wa Njambi akatangaza kwamba jina la Bedan limezikwa. Kuanzia siku hiyo aitwe Baba Daktari. Wakamwita. Watu wa pale hawakuwa wachoyo wa majina.

Jioni hiyo alifika akiwa bado ananuka maganda ya kahawa, akakuta kimya. Kwa Njambi, kimya kilikuwa kitu cha kuogopwa kama nyoka kwenye kitanda. Zacharia, fundi viatu waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumzimia, alikuwa amekunjua gazeti juu ya magoti. Kando yake alikaa Nzioka, Mkamba bawabu wa stesheni, aliyejiita Sajini kwa sababu ya vita vya Burma.

"Baba Daktari," Redio akasema, "keti kwanza."

"Kwani kuna nini?"

"Keti. Habari zingine hazisomewi mtu aliyesimama, anaweza kutuangukia kwa chai."

Bedan akaketi. Redio akasafisha koo. "Mtoto wako ametoka gazetini."

"Gathogo?" Bedan akaruka. "Si niliwaambia! Mwaka hata haujaisha na tayari anaandikwa! Amefanya nini? Amepasua mtu?"

"Hajapasua mtu."

"Amempa mtu dawa?"

"Hajampa mtu dawa." Redio akageuza gazeti. "Ameosha sahani."

Bedan akalichukua lile gazeti kwa mikono miwili. Alikuwa ni Gathogo kweli, masikio yale yale ya mamake. Alivaa aprini nyeupe, amekunja mikono ya shati, na viganja vyote viwili vilikuwa ndani ya karai kubwa la povu. Alikuwa anacheka! Hilo ndilo lililomchoma Bedan. Mtu anatiwa jikoni Amerika, na bado anaonyesha meno.

"Soma maneno," akasema kwa sauti ndogo.

"'Mwanafunzi Gathogo wa Ruiru,'" Redio akasoma, "'akiwa kazini katika jiko la chuo kikuu anakosoma. Kila baada ya masomo yeye huosha vyombo ili apate chakula na mahali pa kulala.'"

"Haiya!" Sajini akapiga paja. "Kwa hiyo tulimchangia nauli mtoto akatafute kazi ya jikoni? Mbona hakwenda tu kwa bwana wako ng'ambo ya mto, Bedan? Pale angekwenda kwa miguu."

"Niite Baba Daktari."

"Daktari wa nini? Wa sahani? Ataponya masufuria?"

"Sahani ikiwa na ufa," Redio akadakia, "ataipiga sindano."

"Na kikombe kikivunjika mkono atakifunga plasta!"

Walicheka mpaka benchi ikalia. Bedan hakucheka. Aliyakumbuka maneno aliyomwambia Gathogo usiku wa kuagana: soma, mwanangu, usije ukakunja mikono ya shati mbele ya Mzungu kama mimi. Sasa mikono ya shati hiyo hapo, imekunjwa, na Ruiru nzima imeiona.

Tena kulikuwa na jambo la Jumamosi. Kabla ya kusafiri, Gathogo alikuwa amesemezana na Ngendo, binti ya Kagwe wa Gitothua, na msichana alikuwa amekubali kumngoja. Jumamosi hiyo Bedan alitakiwa kupeleka mbuzi wa kwanza wa mahari. Walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba, wananenepa, hawajui siasa. Na Kagwe alikuwa amekubali kuwapokea kwa neno moja tu: daktari.

"Mimi nataka kujua kitu kimoja," akasema Njambi, ambaye alikuwa anachochea moto huku jasho likimtoka. "Anasoma saa ngapi?"

"Ndiyo shida," akasema Redio. "Asubuhi anasoma mifupa, mchana anasugua masufuria. Jioni mifupa imechanganyika na masufuria. Akirudi hapa ukimwambia kichwa kinauma, atakutia kwa karai."

"Njambi, mwanamume wa kwetu hagusi mafiga," akasema Sajini. "Wakikuyu hamgusi, na sisi Wakamba hatugusi. Hiyo ni aibu ya makabila mawili kwa pamoja."

Njambi akasimama, mwiko mkononi. "Sajini, Burma ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilipigana."

"Na nani?"

"Na adui."

"Ndugu yangu Zacharia hapa alikuwa na binamu kule kule Burma. Alituambia wewe ulipigana na viazi. Miaka yote ile, kisu mkononi, ndoo katikati ya miguu."

"Kumenya si kuosha!" Sajini akapaaza sauti. "Kumenya ni kazi ya silaha!"

Kabla hawajamaliza kucheka, njia ikatiwa giza na koti. Koti lilifika kwanza, halafu Kagwe akafuata ndani yake. Lilikuwa koti zito la sufu aliloachiwa na Mzungu aliyerudi kwao, na Kagwe hakulivua jua liwake au mvua inyeshe. Wenyewe walimwita Koti, lakini akiwa mbali.

Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Bedan.

"Bedan."

Si Baba Daktari. Wala si muthoni, neno la wakwe, aliloanza kulitumia tangu Pasaka. Bedan akajua habari imemtangulia.

"Karibu, muthoni. Njambi, mletee chai."

"Chai sinywi. Ni kweli?"

"Ni kweli nini?"

"Ati yule kijana ni boi wa jikoni."

"Ni mwanafunzi," akasema Bedan. "Anafanya kazi humo humo chuoni, akitoka darasani."

"Bedan, mimi nina binti mmoja aliyesoma. Wanaume wawili wenye maduka wamebisha kwangu nikawafukuza, nikasema huyu ana daktari wake Amerika. Sasa nitawaambia nini? Daktari yuko kwa karai?" Akashika kola ya koti. "Msichana analia tangu mchana. Mimi nikamwambia, nyamaza, mbuzi wa Bedan wasikanyage kwangu."

Hata Redio alizimika. Mzaha ulikuwa umefika nyumbani kwa mtu.

"Kagwe," akasema Bedan, "kuosha sahani si kuiba."

"Nani amesema ni kuiba? Mwizi angalau anaogopwa! Siwezi kumpa binti yangu mwanamume anayefanya kazi ambayo mimi mwenyewe siwezi kuifanya mbele ya watu. Sikiliza, na hawa ni mashahidi. Siku mtakayoniona mimi, Kagwe, nimeshika kitambaa cha vyombo, siku hiyo leteni mbuzi. Nitawafungulia mlango mwenyewe."

Bedan akainamia lile gazeti, maana hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Akaitazama picha tena. Safari hii hakumtazama Gathogo. Akatazama kando yake.

"Redio," akasema polepole. "Huyu wa pembeni ni nani?"

Wote wakainama. Kando ya Gathogo alisimama kijana mwingine mwenye aprini, ameshika sahani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili. Nyuma yao alikuwa mwingine na ufagio.

"Huyu..." Redio akasogeza gazeti puani. "Huyu ni Mzungu."

"Haiwezekani," akasema Sajini. "Ni wino umekataa kushika."

"Na huyu wa ufagio?"

"Pia ni Mzungu. Ngai wangu, tazameni pua."

"Huyo wa ufagio ni nyapara," akasema Kagwe. "Anawasimamia."

"Nyapara gani anafagia?" akauliza Njambi.

Tangu reli ifike Ruiru hakuna aliyewahi kuona Mzungu na ufagio pamoja. Wakatazamana. Redio akachungulia kwenye pembe ya duka, asije akawa amepita askari wa chifu akasikia wanatazama kitu kama hicho.

"Imeandikwa hapa chini," akasema kwa kunong'ona. "'Wanafunzi wengi wa chuo hicho, wenyeji na wageni, hufanya kazi namna hiyo, hata watoto wa matajiri.'"

"Mbona hukusoma hapo mwanzo?" Bedan akauliza.

"Mlikuwa mnacheka. Ningesoma, mngeacha."

Bedan alisimama. Kitu kilikuwa kimemjia, nacho hakikutoka gazetini, kilitoka kwenye mashine ya kahawa.

"Ngojeni. Kule kwetu mashineni, yuko anayemwaga kahawa juu, na yuko anayeipokea chini. Nani mkubwa?"

"Wa juu," akasema Sajini.

"Kwa nini?"

"Akimwaga nyingi, wa chini anakufa na jasho. Akiacha kumwaga, wa chini anasimama kama kigingi."

"Basi mtazame Gathogo. Anaosha, halafu anampa Mzungu apanguse. Gathogo akikaza mwendo, Mzungu anatoka jasho. Gathogo akitaka kujikuna, Mzungu anangoja. Sasa niambieni, hapo nani yuko chini ya nani?"

Sajini akavua kofia. "Bedan... Baba Daktari. Mtoto wako amepewa Mzungu."

"Wawili!" akasema Redio. "Wa pili anamfagilia mahali pa kusimama!"

Bedan alijua vizuri kwamba hiyo si kweli. Mtoto alikuwa anaosha sahani ili ale, basi. Lakini kama uongo wa kwanza, ule wa boi wa jikoni, ulikuwa umeharibu harusi, hakuona kwa nini uongo wa pili usiitengeneze.

Kagwe naye alikuwa ameliinamia gazeti mpaka koti likafagia sakafu. "Mzungu anamngoja kijana wetu," akajisemea. Neno "wetu" lilisikika na kila mtu. Halafu akajikumbuka, akainuka. "Hata hivyo. Nimeshasema. Neno la Kagwe halirudi nyuma. Karai ni karai."

Hapo gari moshi likapiga honi huko upande wa Kiuu.

"Uuui!" Njambi akashika kichwa. "Abiria hao! Na vikombe vyangu vyote ni vichafu, mmevikalia tangu saa nane mkibishana juu ya watu wanaoosha vyombo! Bedan, kunja shati. Amerika imekuja Ruiru."

Akasukuma karai la maji ya moto katikati ya mabenchi. Bedan, kwa hasira na kwa fahari, akakunja mikono ya shati akatumbukiza vikombe. Redio akapewa ufagio, Sajini akapewa kisu na viazi, akavipokea kama mtu aliyekutana na jamaa zake. Kikombe cha kwanza kikatoka kwenye povu, kinachuruzika, na hakukuwa na wa kukipokea.

"Mzee Kagwe," akasema Njambi, ameshika kitambaa. "Saidia."

"Mimi? Nipanguse vikombe? Watu watasema nini?"

Njambi akainua gazeti kwa mkono wa pili. "Kwa picha, anayepangusa ni nani?"

Kagwe akatazama picha. Akatazama kitambaa. Akatazama njia, ambako abiria walikuwa wameanza kujitokeza na mizigo yao.

"Ni... Mzungu," akasema.

"Basi mimi ningemwambia nani mwingine, na ni wewe peke yako hapa una koti lake?"

Kagwe akajinyoosha. Akafunga kifungo cha juu cha koti. Akapokea kitambaa kwa vidole viwili, halafu kwa vitatu, halafu kwa mkono mzima. Akapangusa kikombe cha kwanza mpaka kikalia. Cha pili akakiinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja, vile alivyokuwa akimwona mwenye koti akifanya zamani. Kikamuudhi. Akakirudisha kwenye karai.

"Hiki hakijatakata," akasema kwa sauti iliyotoka mbali kifuani. "Rudia."

"Ndiyo, bwana," akajibu Bedan upesi, kabla hajakumbuka yuko wapi.

Redio aliuachia ufagio ukaanguka. Sajini alijikata kidole na hakujali. Abiria wa kwanza walipofika mlangoni walikuta watu wazima wamelaliana mabegani wakilia machozi, na mzee mmoja wa koti amesimama katikati yao, kikombe mkononi, akiuliza kwa ukali kuna nini cha kuchekesha.

"Hakuna, muthoni," akasema Bedan, akijifuta macho kwa kiwiko, povu mpaka mashavuni. "Nilikuwa nauliza tu. Hicho ulichoshika mkononi kinaitwaje?"

Kagwe akatazama mkono wake.

Akakitazama kitambaa kwa muda. Akawatazama mashahidi, mmoja mmoja, na wote wakamtazama yeye. Angeweza kukitupa. Lakini abiria walikuwa wanangoja chai, vikombe vilikuwa vinachuruzika, na kazi alikuwa ameshaizoea.

"Jumamosi," akasema, na kunyoosha mkono apewe kikombe kingine. "Waje mapema, kabla ya jua kali. Na hicho, Baba Daktari, bado ni kichafu."