Nyota wa Bajaji ya Mwezini Alivyopokelewa Mzenga

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. (Si hivyo mnavyofikiria. Nguo nilikuwa nazo, tena nzito mno kwa joto lile. Mtaona.)

Wengi wenu mnanijua kama karani wa masjala hapa Kibaha. Wachache mnajua kwamba zamani, kabla ya mihuri na mafaili, niliwahi kucheza filamu. Ndiyo, filamu. Inaitwa Bajaji ya Mwezini. Bajaji inapigwa na radi pale Maili Moja, inapaa na kutua kwenye sayari ambayo watu wake hawajui kucheka. Kapteni wa bajaji hiyo ni mimi. Tulirekodi kwenye mapori ya Kibaha kwa kamera ya kuazima. Vazi langu la angani lilishonwa kwa yale makaratasi ya kung'aa ya kuzuia jua kwenye vioo vya magari. Helmeti ilikuwa ndoo ya rangi. Msicheke bado! Mle ndani kuna sehemu naiaga dunia, peke yangu, kwa machozi ya kweli.

Hakuna aliyeinunua, nakala tukaishia kuzigawa bure. Mwongozaji wetu siku hizi anauza vigae. Mimi nikaenda kugonga mihuri, nikijiambia kila asubuhi kwamba mimi si karani, ni msanii aliyepumzika.

Wiki iliyopita simu ikaita. Sauti ya kijana, yenye heshima zake.

"Shikamoo dada. Naitwa Shomari, napiga kutoka Mzenga, huku Kisarawe. Namba yako nimeikuta mwishoni mwa filamu. Wewe ni wa Bajaji ya Mwezini?"

Nikatafuta pa kukaa. "Marahaba. Ndiye."

"Dada, huku tunaiangalia kila mwaka! Watu wanaijua kwa kichwa! Jumamosi tunaionyesha tena kwenye kibanda umiza chetu, hiki cha kuonyeshea video. Tunaomba sana nyota wa filamu aje. Watu wana hamu ya kumwona kwa macho."

Nikajibu taratibu, kwa unyenyekevu wa wasanii wakubwa: "Nyota atakuja." (Nilijitaja kama vile ni mtu mwingine. Laiti ningesema "nitakuja" kama binadamu wa kawaida.)

Nikamwambia mume wangu. Nikaitangazia masjala nzima. Na kosa kubwa kuliko yote, nikamwambia wifi yangu Zuhura, dada yake mume wangu, ambaye tangu niolewe anaiita filamu ile "ule ugonjwa wako".

"Twende na gari langu," akasema. "Nataka niwaone wagonjwa wenzio."

Nikakubali haraka. Nilitaka ashuhudie. Miaka yote ya kunisanifu kwenye shughuli za ukoo, leo angemeza maneno yake bila maji.

Basi asubuhi nikalivaa vazi langu (bado linanikaa, kwa msaada wa pini), ndoo mapajani, tukakata kona Mlandizi kushika njia ya vumbi. Kiyoyozi cha gari la wifi kimekufa. Nikawa kama samaki anayeokwa ndani ya foili. Wifi ananitazama kwa pembeni. Nikajisemea, subiri tu.

Tukafika. Umati! Ngoma! Wazee kwa vijana! Ila nikaona jambo la ajabu. Wote wamevaa namna moja: msuli, kofia, shati lililokosewa vifungo, na kila mmoja ameshika kipande cha kamba. Hakuna hata mmoja aliyevaa kama mimi. Nikadhani ni kunistahi, wameniachia vazi langu.

Nikavaa ndoo. Nikashuka. Nikainua mkono.

Ngoma ikanyamaza.

Shomari akaja mbio, akanisalimia, akanipita. Akachungulia kiti cha nyuma. Akamwomba wifi afungue buti.

"Dada, yuko wapi?"

"Nani?"

"Nyota."

"Si ndiye mimi."

Akanitazama kwa huruma ambayo sitaisahau. "Hapana, dada. Yule mzee wa beberu."

Niwaeleze. Siku tunarekodi ile sehemu yangu ya kuiaga dunia, mzee mmoja wa msuli na kofia, shati limekosewa vifungo, alitokea porini nyuma yangu, ana kamba mkononi, akasimama, akaitazama kamera na kuuliza: "Nyie, hamjamuona beberu wangu?" Kisha akaenda zake. Betri ilikuwa inakata, hatukuweza kurudia. Tukamwacha humo humo. Anaonekana kwa muda wa kupiga chafya!

Mama mmoja muuza mihogo akasogea. "Kwani anaitwa nani?"

"Sijui, mama."

"Hamkumuuliza?"

"Hatukumuuliza."

"Mkamtia mzee wa watu kwenye filamu, hata jina hamlijui! Na beberu je, alipatikana?"

Hilo nalo sikulijua. Umati ukaguna. Nyuma yangu nikamsikia wifi anajikohoza kwa nguvu, kile kikohozi cha mtu anayezuia kitu.

Tukaingia kibandani. Nikawekwa benchi la mbele, kwa adabu tu. Filamu ikaanza. Ikafika sehemu yangu. Uso wangu ukajaa kwenye kioo, chozi la kwanza likachungulia. Nikashika kifua.

"Peleka mbeleee!" Kibanda kizima, kwa pamoja.

Shomari akabonyeza rimoti. Nikajiona nalia kwa kasi, mdomo unachapa kama kuku anayedonoa mtama. Uchungu wangu wote ukapita kama basi la mkoani. Kisha, tap, ikasimama kwa mzee. Watu wakainuka, wakatamka naye neno kwa neno, kamba juu. Wakarudisha nyuma. Wakatamka tena. Kwenye kona ya skrini lilionekana bega langu.

"Huyo mwanamke anaziba," mtu akalalamika.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe kila mwaka baada ya filamu huwa wanaigiza ile sehemu, na mwaka huu walimtegemea mzee mwenyewe. Shomari akashika kiuno.

"Wazee tunao wengi," akasema. "Beberu ndiye hatuna."

Macho yote kwangu.

"Anaweza," wifi akasema. "Ni msanii."

Nikakataa. Nikakataa tena. Yule mama wa mihogo akanishika mkono, sauti yake imelainika: "Mwanangu, watu wameacha mashamba yao. Wasirudi hivi hivi."

Nikafungwa kamba kiunoni, Shomari akashika ncha yake kama mzee, ndani ya vazi la kung'aa, ndoo imevuliwa ili nisikike.

"Mee," nikasema.

"Hatusikii!"

Hapo kitu kikanipanda. Hasira, sijui. Machozi waliyoyapeleka mbele, mihuri yote, wifi na simu yake iliyonielekea, vyote nikavikusanya kooni. Nikalia mee ambayo nadhani ilifika Maneromango. Nikavuta kamba, nikampiga Shomari pembe ambazo sina. Kibanda kikalipuka! Watu wakaanguka chini kwa kicheko, mluzi, vigelegele. Mara ya kwanza maishani mwangu kupigiwa makofi. Nilikuwa mbuzi.

Njia nzima ya kurudi wifi alikuwa akijifuta macho. Tulipokaribia Mlandizi akatulia, akaniambia, safari hii bila kejeli, "Wifi, kumbe una kipaji. Wallahi sikujua." Afadhali angenitukana.

Video iko kwenye kundi la ukoo tangu jioni. Mume wangu ameitazama mara kadhaa, chooni, anadhani simsikii. Shomari naye amepiga: mwakani wananitaka tena, nafasi ile ile. Nimemwambia nitafikiria. (Nimekubali.)

Cheka atakayecheka, sina nguvu ya kumzuia. Naomba kitu kimoja tu: mkinikuta njiani, nisalimieni kwa Kiswahili.