Stima Imepotea Marangu

Alhamisi, 14 Agosti. Chawia.

Kesho kwaya yetu inavuka mpaka wa Kenya kwenda Marangu, Tanzania. Jumapili tunaimba mbele ya askofu wao. Muziki wote uko kwenye simu yangu, maana nilimshawishi Mwalimu Pauline, kiongozi wetu, tuache kinanda nyumbani. Mpiga kinanda, Festus, amenuna wiki nzima. Raha iliyoje! Mwalimu amenionya: simu ikizima, muziki unarudi kwa Festus na mimi nitakuwa mbeba majoho.

Haitazima. Derrick, muuza chaja wa Voi, ameniambia soketi za ng'ambo si kama zetu. Nimempa kichwa changu cha chaja, akanipa chenye pini mbili nene za duara. Wanakwaya nimewaambia waache chaja zao nyumbani, nitawachajia mimi. Wametii wote isipokuwa Festus. Ataona.

Ijumaa, 15 Agosti. Marangu.

Nimepiga picha za Mlima Kilimanjaro njia nzima. Chaji imebaki asilimia kumi na moja. Tumefikia gesti ya kanisa. Soketi ni zile zile za nyumbani! Mashimo matatu, pembe nne. Nikachokonoa tundu la juu kwa kalamu, kama tufanyavyo Chawia. Kalamu imevunjika, pini hazikuingia. Duka la karibu lina sabuni na chumvi tu.

Festus ameniuliza kwa upole kama simu inapata chaji. Nikamjibu inapata. Simwombi kitu.

Jumamosi, 16 Agosti.

Asilimia nne. Festus alipoingia kuoga baada ya chai, niliazima chaja yake bila kumsumbua. Nikaichomeka chumbani kwangu. Simu ikalia, moyo ukatulia. Dakika mbili, kisha basi. Nikajaribu taa. Haiwaki.

Nikakimbia mapokezi, nikamwambia dada kwamba stima imepotea. Alisikitika sana. Akauliza imepotea lini. Sasa hivi. Akauliza ni ya rangi gani. Nikaona ananichezea, nikamwambia stima haina rangi. Akauliza niliiona wapi mara ya mwisho. Chumba namba sita, ukutani. Akawaita mlinzi na mpishi, wakaanza kutafuta chini ya kitanda. Nilidhani huo ndio utaratibu wao. Nikawasaidia kuinua godoro.

Mpishi akachomoa chaja ukutani, akatoka nayo kwenye korido akitangaza kwamba stima imepatikana. Festus akatoka bafuni na taulo, akasema hiyo ni chaja yake.

Kumbe wao husema umeme. Na umeme haupotei, hukatika. Dada alinieleza hayo huku akicheka hadi machozi. Mwalimu Pauline hakucheka. Alichukua simu yangu akaenda nayo.

Jumapili, 17 Agosti.

Niliamka nikafanya mazoezi ya kubeba majoho, kumi kila mkono. Kabla ya ibada Festus akanikabidhi simu yangu. Imejaa, mia kwa mia. Umeme ulirudi jana jioni na Mwalimu akampa aichaji. Festus alisema amefanya hivyo kwa ajili ya kwaya, si kwa ajili yangu. Sijali! Karibu nimkumbatie. Muziki haukukatika hata mara moja. Askofu alipiga makofi. Sijawahi kushusha pumzi namna ile.

Kile kichwa cha pini za duara nimemwachia dada wa mapokezi kama ukumbusho.

Jumatano, 27 Agosti. Chawia.

Tumealikwa Kigali, Rwanda! Muziki bado ni wangu. Safari hii sidanganywi na Derrick: soketi za ng'ambo ni kama zetu, nimeziona kwa macho yangu. Nimebeba vichwa vitatu vya pini za kwetu, vya kwaya nzima. Festus anadai mashimo ya Kigali ni ya duara. Wivu tu. Nimewaambia wanakwaya wasimsikilize na waache chaja zao nyumbani.

Na stima ikipotea huko, sitamwambia mtu. Nitaitafuta mwenyewe.