Fidia ya Mguu Mzima

Koti alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati. Hakuwa akiumwa chochote. Alikaa pale kwa sababu benchi lile lilikuwa chini ya feni, na feni ya bure mjini si kitu cha kupita ukakiacha.

Waliomwita Koti hawakukosea. Alivaa koti jeusi jua liwake au mvua inyeshe. Ndani ya koti hilo alishakuwa dalali wa viwanja vilivyoko katikati ya bwawa, alishakuwa mkaguzi wa mita za umeme, na kwa wiki moja ngumu sana alikuwa mchungaji. Kwa wakwe zake alikuwa wakili.

Basi pale benchini akamwona mzee anaingia kwa kurukaruka, fimbo mkononi. Mguu wake wa kulia umevimba, unang'aa. Wa kushoto umefungwa plasta ngumu, nyeupe, nzuri kabisa.

"Mmenifunga mguu mzima!" mzee akapiga kelele. "Mbovu mmeuacha unanitazama!"

Mwenye zahanati, bwana mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, akatoka ofisini mbio.

"Mzee wangu, kelele za nini? Mambo ya mahakamani ni marefu, utachoka. Ingia ndani tuyamalize kama ndugu."

Mlango ukafungwa. Ulipofunguliwa, mzee alikuwa na soda mkononi, bahasha mfukoni na uso wa bwana harusi. Akaondoka akirukaruka, fimbo kaisahau.

Koti akahisi joto kifuani. Kumbe watu wanaokota pesa humu, na yeye anahangaika na mita za watu!

Tatizo lilikuwa mguu. Miguu yake mwenyewe asingeweza kuitoa, maana ni vitendea kazi; kwenye shughuli zake kuna siku mtu hutakiwa kukimbia. Alihitaji mguu wa mtu mwingine, tena wa mtu wa karibu.

Na nyumbani kulikuwa na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amefika Jumatatu na kikapu kimoja na neno moja. "Mkwe," alisema, "nimekuja kuiona hiyo kazi ya uwakili kwa macho yangu. Nikiiona nitarudi kwangu na moyo mweupe. Nisipoiona, Jumamosi naondoka na mwanangu."

Tangu hapo Koti hakula vizuri. Alikuwa mwongo, ndiyo, lakini mkewe alimpenda kweli. Ni yeye peke yake duniani aliyecheka uongo wake huku akijua ni uongo. Mwanamke wa namna hiyo akiondoka, utampata wapi mwingine?

Asubuhi ya Alhamisi mama mkwe akateleza kwenye ngazi ya bafuni, mguu ukateguka. Koti aliposikia yowe, Mungu amsamehe, alitabasamu.

"Mama, usijisogeze! Nakupeleka kwa wataalamu."

"Si kuteguka tu, mkwe? Nikandeni na maji ya moto."

"Maji ya moto! Mama wa wakili akandwe na maji ya moto, mjini hapa? Nitaonekanaje?"

Mkewe akamtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Wewe. Una nini?"

"Nina uchungu na mama."

"Huo uchungu umeanza lini?"

Koti alishatoka mlangoni. Akaenda kuazima toroli kwa jirani fundi ujenzi, akalikung'uta mchanga, akalitandika khanga. Mama mkwe akapakiwa. Sasa, mkwe mwenye adabu hamkodolei macho mkwewe aliyejinyoosha kwenye toroli, miguu mbele. Kwa hiyo Koti alisukuma uso ameugeuzia pembeni, na njiani waligonga meza ya muuza nyanya, nguzo ya umeme, na polisi.

Zahanati ile ilikuwa na utaratibu wake. Mashine ya picha za mifupa ilikufa zamani, ikafunikwa shuka kama marehemu yeyote. Anayezungumza ni aliyemleta mgonjwa, ili foleni iende haraka. Na mfunga plasta alikuwa jamaa mmoja mwenye usingizi wa kudumu, aliyeitwa Saruji. Saruji hakuwa na makuu. Ukimpa mguu anafunga. Ukimpa mguu wa kiti, nao anafunga.

"Mama, humo ndani niachie mimi niseme," Koti alinong'ona. "Hawa hawapendi mgonjwa anayeongea."

"Sawa, baba," akasema mama mkwe, mpole kama maziwa.

Akaingizwa nyuma ya pazia, kajifunika khanga hadi kidevuni. Koti akabaki upande wa pili.

"Mguu gani?" Saruji akauliza huku akipiga mwayo.

Koti alikuwa ameusikia mguu wa kulia ukilalamika njia nzima, kila jiwe na "uwii" yake. Akasema kwa sauti nzito, "Wa kushoto."

Mama mkwe hakusema kitu. Maji yakamwagwa, bandeji ikazungushwa, kazi ikaisha.

Kesho yake toroli likarudi kwa kasi, na safari hii Koti alipiga kelele tangu getini.

"Uzembe! Uzembe wa tabibu! Mama yangu mkwe anaumwa mguu wa kulia, mmemfunga wa kushoto! Sasa hana hata mmoja wa kusimamia!"

Foleni nzima ikageuka. Mwenye zahanati akatoka mbio, miwani zote mbili zikiwa kichwani.

"Ndugu yangu, ingia ndani..."

"Siingii! Mimi ni wakili! Mgonjwa aliyeumizwa kwa uzembe ana haki ya fidia. Gharama za matibabu, fidia. Kazi alizoshindwa kufanya, fidia. Maumivu na aibu ya kubebwa kwenye toroli, fidia! Kuna baraza la malalamiko ya wagonjwa, na njia ya kwenda naijua." Hakuijua.

Saruji akatoa kichwa kwenye pazia. "Lakini si wewe uliyesema kushoto?"

Hapo ndipo Koti alipokuwa anapasubiri. Akageukia foleni, akaweka mkono kifuani.

"Jamani! Mimi ni mkwe. Tangu lini mkwe akajua mguu wa mkwewe? Niliutazama? Niliushika? Huyu amesomea miguu, anamwuliza nani? Mkwe!"

"Aah, hapo mmemkosea bwana wa watu!" akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Hata mimi wa kwangu simjui miguu," akadakia mwendesha baiskeli mwenye mkono uliovunjika. "Najua sauti tu."

Ubishi ukaisha. Mwenye zahanati akawaingiza ofisini, toroli na yote, akafunga mlango. Koti akabana, jamaa akalegea. Koti akataja baraza, jamaa akafuta jasho. Mwishowe bahasha ikatoka kwenye droo, nene, ya kupendeza. Koti akanyoosha mkono.

"Samahani, wakili," mwenye zahanati akasema. "Fidia anapokea aliyeumia. Nisije nikadaiwa mara mbili."

"Bila shaka," akasema Koti. Alikuwa na safari nzima ya kurudi nyumbani ya kumshawishi kizee ampe yeye aitunze.

Mama mkwe akapokea bahasha kwa mikono miwili. Akashukuru. Kisha, taratibu, akaisokomeza ndani ya blauzi, kifuani, akaisukuma chini zaidi, akafunga kifungo.

Koti akatazama dari.

Hakuna benki duniani yenye mlango kama ule. Benki unaweza kuvunja, kuhonga mlinzi, kuchimba chini kwa chini. Lakini kifua cha mama mkwe, hata kukifikiria ni makosa.

"Mama," akaiambia dari, "njiani kuna vibaka. Nikutunzie?"

"Waje tu, baba. Wakiweza kuingiza mkono, wachukue." Kisha akamgeukia mwenye zahanati. "Mwanangu, mguu tumemaliza. Kuna jingine dogo. Huyu si wakili."

Koti alishusha macho kutoka darini kwa haraka hadi shingo ikalia.

"Nilimsikia nyuma ya pazia akisema kushoto," mama mkwe akaendelea, "na tangu ngazini alikuwa akiniambia 'huu wa kulia, pole mama, huu wa kulia.' Nikanyamaza nione anaelekea wapi. Kumbe mguu wangu ulikuwa biashara! Haya, nimeifanya, faida nimeipata."

"Basi mama, rudisha hela!" mwenye zahanati akaruka.

"Kwani mtu wako aliutazama mguu wangu? Aliubonyeza? Aliniuliza hata jina? Mgonjwa amelala hapo mzima na mdomo wake, mnaliuliza pazia! Nikatoke nje niwaambie wale wa foleni?"

Mwenye zahanati akakaa.

"Ila na binti yangu naye ameumizwa," akasema mama mkwe. "Aliandikiwa mume mwenye kazi, akapewa huyu. Naye nataka afidiwe. Mpe huyu kazi. Awe anasimama hapo kwa Saruji, anamwuliza mgonjwa mwenyewe anapoumwa, anaweka alama ya kalamu. Kazi ya kweli, ya jasho, nami nitaiona kwa macho yangu, maana kwa miguu hii mliyonipa sitaondoka karibuni."

"Mama!" Koti akalia. "Kila siku? Asubuhi?"

"Au nimwambie mkeo afunge mizigo?"

Jumamosi mkewe hakuondoka. Alisimama mlangoni, akamtazama mumewe akivuliwa koti jeusi na kuvalishwa koti jeupe la zahanati linalombana kwapani, akacheka mpaka akakaa chini. Koti alishika viwiko, magoti na visigino vya watu kutwa nzima, akauliza, akaweka alama, akatemewa mate na mtoto mmoja. Jioni alijikokota hadi nyumbani, akamkuta mama mkwe amekaa kitandani kwao kama malkia, mguu mmoja kwenye plasta na mwingine kwenye beseni la maji ya moto.

"Pole na kazi, mkwe," akasema.

"Ahsante, mama," Koti akajibu, na kwa kuwa safari hii kazi ilikuwepo na jibu lilikuwa la kweli tupu, lilimkwama kooni, ikabidi mkewe amletee maji.